Kopo la pilipili au bastola: tathmini ya dawa ya dubu katika hifadhi za taifa za Marekani

Tangu tarehe 22 Februari 2010, mtu anayeruhusiwa kuwa na silaha kwa sheria za jimbo husika anaweza kuingia nayo katika hifadhi ya taifa ya Marekani, tena ikiwa na risasi ndani. Mabishano yaliyotangulia ruhusa hiyo hayajaisha, na wanaotembea njia za milimani na bastola kiunoni husikika wakitoa sababu moja kuliko zote: dubu. Basi ni haki bastola ipimwe kwa kazi hiyohiyo, kando ya bidhaa iliyobuniwa kwa ajili hiyo tu, yaani kopo la pilipili ya kupulizia, ambalo maduka ya vifaa vya kambi yaliyo jirani na hifadhi za Yellowstone, Glacier na Grand Teton huliuza kwa takriban dola 40 hadi 50.

Hukumu ya tathmini hii inatangulia: kwa dubu, kopo ndilo la kununua. Mwenye bastola na aendelee nayo akipenda, sheria inamruhusu, lakini asiihesabu kuwa ndiyo kinga yake ya kwanza. Yanayofuata ni sababu, namna ya kuchagua kopo, namna linavyotumika, mahali linapokwama, na hifadhi ambazo, kwa mshangao wa wengi, zinakataa kopo huku zikipokea bunduki.

Kilichomo ndani ya kopo

Pilipili ya dubu husajiliwa na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, kwa sheria ileile inayosimamia viuatilifu. Usajili huo ndio kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye lebo. Makopo madogo ya kujilinda dhidi ya binadamu, yale ya kubana kwenye ufunguo, hayana namba ya EPA na hayafai hata kidogo: hutoa mchirizi mwembamba unaohitaji kulenga uso, kiasi chake kinaisha upesi, na mtumiaji analazimika kumsubiri mnyama afike karibu mno.

Kinachowasha ni kapsaisini na jamii zake, na kopo la dubu linapaswa kuwa na asilimia 1 hadi 2 ya viambato hivyo. Hii ndiyo asilimia ya kusoma. Watengenezaji wengine huandika kwa herufi kubwa asilimia ya mafuta ya pilipili kwa jumla, au vipimo vya ukali vyenye sifuri nyingi. Namba hizo hazisemi ni kiasi gani cha kiwashaji kitamfikia dubu. Kamati ya mashirika ya serikali inayoshughulikia dubu wa grizili (aina ya dubu wa kahawia), IGBC, inapendekeza kopo lisilopungua gramu 225, linalorusha angalau mita 7.6 na kupuliza kwa sekunde 6 au zaidi.

Bidhaa zinazojulikana sana ni Counter Assault, UDAP na SABRE Frontiersman. Zote tatu zimesajiliwa na zote zina nguvu ya kutosha, kwa hiyo tofauti ya maana kati yake iko kwenye ujazo na ala ya kulibebea. Makopo ya gramu 225 hadi 290 ndiyo ya kawaida sokoni. Ukubwa unaleta kitu kimoja chenye thamani, nacho ni mpulizo wa pili. Kopo dogo ukilipuliza vizuri mara moja kwa dubu anayekuja, unaweza kubaki na mabaki tu kwa safari ya kurudi garini. Kwa matembezi ya saa chache katika kundi, gramu 225 zinatosha. Kwa anayelala porini siku kadhaa, kopo kubwa ni gramu chache za ziada zenye faida, na watu wawili wabebe makopo mawili, kila mmoja lake.

Ala ichunguzwe kama kopo lenyewe. Inayofaa inaning'inia kwenye mkanda wa kiunoni au kwenye kamba ya begi kifuani, inashika kopo lisiruke mtu akikimbia au akiteleza, na inaliachia kwa mkono mmoja bila kutazama. Ala zenye kifuniko cha kitambaa cha kunata (velcro) zinafaa, ila kifuniko kikifunika kabari ya usalama, kile kipande kinachozuia kopo lisifyatuke, kinaongeza hatua moja mahali ambapo hakuna muda wa hatua hiyo. Kopo lililo ndani ya begi, au kwenye mfuko wa pembeni wa chupa ya maji ambao mkono haufikii, ni sawa na kopo lililobaki dukani.

Jinsi ya kulitumia

Juu ya kopo kuna kifyatuo cha plastiki, na chini yake imechomekwa kabari ndogo iliyopinda yenye pete au ncha ya kushikia. Hiyo kabari ndiyo inayowashinda wengi. Kidole gumba kinaingia kwenye pete, kabari inavutwa moja kwa moja kuelekea kwa mtumiaji, kisha gumba lilelile linashuka juu ya kifyatuo. Ikivutwa kwa upande au kwenda juu, inagoma. Kwenye kopo jipya inabana sana, na mtu aliyevaa glavu nene za baridi anaweza kuikosa pete kabisa. Pia kopo jipya mara nyingi huwa limefungwa kabari kwa uzi wa plastiki wa dukani. Uzi huo ukatwe kabla ya kuondoka kwenye maegesho.

Dubu hufikia mwendo wa kilomita 56 kwa saa, yaani zaidi ya mita 15 kila sekunde. Ukipiga hesabu hiyo unaelewa kwa nini maelekezo ya kopo yanazungumzia wingu na si shabaha. Mnyama akiwa mita 9 hadi 18, unaelekeza tundu chini kidogo, mbele ya miguu yake, na kupuliza kwa sekunde 2 au 3. Ukungu wa rangi ya machungwa unatanuka na kupanda, ukiwa kama ukuta ambao lazima aupite. Kulenga uso moja kwa moja ni kosa linalojirudia: dubu anakuja akiwa ameinama, mpulizo unapita juu ya mgongo wake. Akiendelea kuja, endelea kupuliza, sasa usoni, hadi ageuke. Akigeuka, ondoka mahali hapo bila kukimbia. Athari ya pilipili ni ya muda, na macho yake yatafunguka tena.

Upepo ni adui anayetajwa na kila anayelibeza kopo. Una madhara kweli. Ukivuma kutoka ubavuni, lenga upande unakotoka upepo ili wingu lisukumwe mbele ya dubu. Ukivuma usoni kwako, masafa yanapungua na wewe mwenyewe utaonja; subiri dubu akaribie zaidi, puliza kwa muda mrefu zaidi, na utegemee kukohoa. Mvua kubwa na vichaka vizito vinapunguza masafa vilevile. Baridi kali inashusha msukumo wa gesi, kwa hiyo wanaotembea mwanzo au mwisho wa msimu huweka kopo ndani ya koti mchana na ndani ya mfuko wa kulalia usiku, kabari ikiwa mahali pake.

Watengenezaji wanauza makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili, yenye msukumo na kabari ileile. Yanunuliwe. Kuchomoa, kuvuta kabari na kupuliza kwa mwendo mmoja ni jambo la mikono, halijifunzwi kwa kusoma lebo. Kopo halisi lisijaribiwe kwa kulipuliza, kwa sababu kila sekunde inayotoka ni gesi isiyorudi, na mabaki kwenye tundu yatakuwasha ukishika kopo baadaye.

Jambo moja lina hatari ya pekee: kuna wanaopulizia hema, begi au viatu wakidhani ni kama dawa ya mbu. Mtafiti Tom Smith alichapisha mwaka 1998 uchunguzi uliofanyika Alaska ulioonyesha kuwa mabaki ya pilipili juu ya ardhi na vitu huwavuta dubu wa kahawia. Hunusa, hulamba na hujigaragaza hapo. Pilipili hufanya kazi ikiwa hewani, kwenye macho na pua. Ikitua, ni kiungo cha chakula.

Ushahidi: kopo na bunduki

Smith huyohuyo, wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, pamoja na Stephen Herrero wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzao, ndio waliofanya hesabu mbili zinazonukuliwa na pande zote za mjadala. Ya kwanza, ya mwaka 2008, ilikusanya matukio 83 ya pilipili ya dubu huko Alaska kati ya 1985 na 2006. Pilipili ilimwachisha dubu wa kahawia alichokuwa anafanya katika asilimia 92 ya matukio, na dubu mweusi katika asilimia 90. Kati ya watu waliokuwapo, asilimia 98 walitoka bila jeraha lolote, na wachache walioumizwa hawakuhitaji kulazwa hospitali. Upepo uliingilia mpulizo katika asilimia 7 ya matukio, na hata hapo pilipili ilimfikia dubu.

Ya pili ilichapishwa mwaka 2012, ikaangalia silaha za moto: matukio 269 ya Alaska kati ya 1883 na 2009. Bastola zilifanikiwa kwa asilimia 84, bunduki ndefu kwa asilimia 76. Mtetezi wa bastola ana haki ya kuinua namba hiyo ya kwanza, maana inafuta dhana kwamba bastola ni kitu cha bure mbele ya dubu. Tena kuna jambo linalopaswa kusemwa waziwazi: namba za tafiti hizi mbili haziwekwi bega kwa bega kana kwamba ni mashindano. Matukio mengi ya pilipili yalihusu dubu wadadisi au wenye kutafuta chakula, siyo waliokuja kwa kasi ya kushambulia. Matukio ya silaha yalichukuliwa kwenye kumbukumbu za zaidi ya karne moja, na tukio lisilo na majeruhi halikuwa na nafasi kubwa ya kuandikwa.

Lililo zito zaidi katika utafiti wa 2012 ni ulinganisho wa ndani yake wenyewe. Waandishi walitazama watu waliokuwa na silaha wakaitumia na watu waliokuwa nayo wasiitumie, na hawakuona tofauti ya matokeo kati ya makundi hayo mawili. Kisha waliorodhesha kwa nini silaha zilishindwa, na orodha hiyo inafundisha kuliko asilimia yoyote. Muda haukutosha kuichomoa. Mtu aliganda. Kizuizi cha usalama kilikuwa kimefungwa. Risasi ilikwama. Dubu alikuwa ameshafika karibu mno kwa mtutu kuelekezwa. Risasi zilikosa. Risasi ziliisha na hakukuwa na nafasi ya kujaza tena.

Baadhi ya mambo hayo yanalihusu kopo pia. Muda mfupi ni muda mfupi, na kabari iliyogoma haina tofauti na kizuizi cha usalama kilichosahauliwa. Tofauti inaanza pale kifaa kinapofyatuka. Risasi inahitaji kupita kwenye ubongo au uti wa mgongo ili dubu aanguke papo hapo. Risasi ya moyo au mapafu inaua, lakini baada ya sekunde ambazo mnyama anaweza kuzitumia kukufikia. Sehemu hiyo ya kulenga ni ndogo, inapanda na kushuka kwa kila hatua ya mbio zake, na mkono wa anayelenga unatetemeka. Wingu la pilipili lina upana wa mwili mzima na linasamehe mkono unaotetemeka. Dubu aliyejeruhiwa kwa risasi na kukimbilia kichakani anabaki kuwa hatari kwa watembezi wanaofuata na kwa askari wa hifadhi watakaotumwa kumtafuta. Aliyepuliziwa anapata nafuu, na kuna uwezekano kwamba ameongeza sababu ya kuwakwepa watu.

Tukio la hifadhi ya Denali, Alaska, la Mei 2010, miezi mitatu baada ya ruhusa mpya kuanza, linaonyesha vizuri. Watembezi wawili walikuwa njiani, grizili akatoka vichakani na kumwelekea mmoja wao, na mwenzake akafyatua bastola ya .45 (kipimo cha upana wa risasi) takriban mara tisa. Dubu akageuka akaingia tena kichakani. Sehemu hiyo ya hifadhi ilibidi ifungwe kwa kuhofia dubu aliyejeruhiwa, na mzoga ukapatikana baadaye karibu na hapo. Watu walipona, na hilo ndilo kubwa. Ila angalia idadi ya risasi, kisha fikiria bastola ya risasi tano au sita za kiwango cha .44 Magnum, ambayo ndiyo inayopendekezwa zaidi kwa dubu na ambayo kwa mkono usiozoea hurusha mtutu juu kila inapofyatuka.

Kuna ushahidi mwingine usiohitaji takwimu. Katika Grand Teton, ambako kuna msimu maalumu wa kupunguza idadi ya paa wakubwa aina ya elki, wawindaji wanaoingia na bunduki zao, watu wanaojua kulenga na walio na silaha mkononi tayari, wanalazimishwa na hifadhi kubeba pilipili ya dubu mahali panapofikika haraka. Wenye mamlaka ya pori lile hawakuona bunduki ya kuwindia kuwa inatosha.

Ruhusa ya kubeba na mipaka yake

Wengi wanaonunua bastola kwa ajili ya safari hawajui walichoruhusiwa. Kanuni ya 1983 ilitaka silaha ndani ya hifadhi iwe haina risasi na imehifadhiwa isifikike kwa urahisi. Desemba 2008 serikali ya George W. Bush ilitoa kanuni ya kuruhusu silaha iliyofichwa yenye risasi kwa wenye vibali. Kundi la Brady Campaign linalopigania udhibiti wa silaha, chama cha uhifadhi cha NPCA na umoja wa wastaafu wa Idara ya Hifadhi za Taifa walipinga mahakamani, na Machi 2009 Jaji Colleen Kollar-Kotelly akaisimamisha kwa kuwa athari zake kwa mazingira hazikutathminiwa. Seneta Tom Coburn wa Oklahoma akaipitisha kwa mlango mwingine: kifungu ndani ya muswada wa kudhibiti kampuni za kadi za mkopo. Seneti ilikikubali kwa kura 67 dhidi ya 29, Baraza la Wawakilishi 279 dhidi ya 147, na Rais Barack Obama akatia saini tarehe 22 Mei 2009.

Kifungu hicho kinafanya jambo moja tu, kuliachia jimbo suala la kuwa na silaha. Yellowstone iko ndani ya Wyoming, Montana na Idaho, majimbo ambayo sasa yameondoa sharti la kibali cha kubeba silaha kwa watu wanaotimiza masharti yao. California inadai kibali na haitambui vibali vya majimbo mengine. Anayeendesha gari kutoka hifadhi moja hadi nyingine anavuka sheria pamoja na mipaka, na anapaswa kuzisoma zote kabla ya kuwasha gari. Mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya utalii ana kizuizi cha juu zaidi: kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kabisa kuwa na silaha ya moto au risasi, isipokuwa kwa masharti machache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwake yeye mjadala huu umeshakwisha, na kopo ndilo lake.

Kuna mambo mawili ambayo kifungu hakikuyagusa. La kwanza, silaha haziingii kwenye majengo ya serikali, na hapo ni vituo vya wageni, ofisi za askari wa hifadhi na majengo mengine yenye tangazo mlangoni. Kwa hiyo kila unapotaka ramani au kibali cha kulala porini, bastola inabaki garini, na gari lililoegeshwa mwanzo wa njia ni mahali pabaya pa kuacha bastola. La pili, kufyatua silaha ndani ya hifadhi bado ni kosa, isipokuwa pale uwindaji unaporuhusiwa. Anayempiga dubu kwa kujiokoa atachunguzwa na ataeleza, na grizili wa majimbo 48 ya bara, yaani bila Alaska na Hawaii, waliwekwa mwaka 1975 kwenye orodha ya spishi zinazotishiwa kutoweka. Anayepuliza pilipili anatoa taarifa kwa askari wa hifadhi kisha anaendelea na safari yake.

Ajabu ya sheria iko hapa. Kanuni za hifadhi zinahesabu vifaa vya gesi ya kuwasha kuwa silaha, pamoja na bunduki, upinde na manati. Kifungu cha Coburn kilifungua mlango kwa silaha za moto peke yake. Vingine vyote vilibaki chini ya katazo la zamani mpaka mkuu wa hifadhi aviruhusu. Yellowstone, Glacier na Grand Teton wanaruhusu pilipili ya dubu na wanaisisitiza. Hifadhi ya Yosemite, iliyoko California, imeikataza. Kwa hiyo mtu mwenye kibali cha California anaweza kuingia Yosemite na bastola yenye risasi kihalali, huku jirani yake akivunja kanuni kwa kubeba kopo. Maelezo ya hifadhi yana mantiki yake: huko hakuna grizili, wapo dubu weusi wanaofuata chakula, na wanaofukuzwa kwa kelele na kwa kufungia chakula kwenye masanduku ya chuma. Hoja hiyo inatosha kueleza kwa nini kopo halihitajiki. Haielezi kwa nini kifaa kisichoua kikatazwe mahali ambapo kinachoua kinapita. Huu ni upungufu wa kanuni unaoweza kurekebishwa, na unastahili kurekebishwa.

Hatari ambazo dubu hahusiki nazo

Bastola ya kambini iko pamoja na watu saa zote, na dubu huenda asionekane kabisa. Tangu Yellowstone ianzishwe mwaka 1872, dubu wameua watu wanane ndani yake. Septemba 2013, kwenye kambi ya Grant Village katika hifadhi hiyohiyo, mtoto wa miaka 3 alijipiga risasi kwa bastola ya familia na kufariki. Anayepima silaha ya kubeba kwenye hema lenye watoto aweke jambo hili kwenye mizani. Kopo nalo linaweza kufyatuka hemani au garini, na likifyatuka watu watatoka mbio wakilia na kukohoa. Watapona kwa hewa safi na maji mengi baridi. Wasisugue macho, wavue nguo zilizopata pilipili, na waoshe ngozi kwa sabuni isiyo na mafuta. Mwenye pumu yuko hatarini zaidi, na apelekwe kwa daktari akipumua kwa shida.

Hoja ya kujilinda na watu wabaya njiani ni nyingine, na tathmini ya dawa ya dubu haiwezi kuiamua. Kwa hili lebo iko wazi: kopo hili halikutengenezwa kwa binadamu, na kulitumia kinyume cha lebo ni kosa la kisheria.

Kusafiri nalo, kulitunza, kulitupa

Pilipili ya dubu hairuhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye mizigo ya chini. Bastola, kwa kinyume chake, inakubaliwa kwenye mizigo ya chini ikiwa haina risasi ndani, imefungiwa kwenye sanduku gumu na imetangazwa kaunta. Hapa, kama kule Yosemite, kopo linasumbua kuliko bastola. Anayefika kwa ndege anunue akishatua, na kwa safari fupi baadhi ya maduka ya ndani na jirani ya hifadhi hukodisha kwa siku.

Joto ndilo linaloharibu makopo. Lebo nyingi zinaonya lisizidi nyuzi 49 za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililofungwa juani huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Kopo likipasuka ndani ya gari, viti na mifumo ya hewa hubaki vikiwasha kwa muda mrefu. Libaki kivulini, ndani ya boksi la kuhifadhia baridi hata kama halina barafu, au liende nawe.

Tarehe ya mwisho wa matumizi imeandikwa kwenye kopo, kwa kawaida miaka 3 au 4 tangu litengenezwe. Pilipili yenyewe haiozi upesi. Kinachochoka ni mpira wa kuzibia, na gesi huvuja kidogo kidogo bila kutoa harufu wala sauti. Njia rahisi ya kufuatilia ni kulipima kopo likiwa jipya kwenye mizani ya jikoni, kuandika uzito huo chini yake kwa kalamu isiyofutika, na kulipima tena kila mwanzo wa msimu. Likipungua, limevuja, hata kama tarehe haijafika. Kopo lililowahi kupulizwa, hata kwa sekunde moja, libadilishwe.

Kopo lililokwisha muda lisitupwe kwenye pipa la kawaida. Likibanwa na gari la taka hupasuka na kuwaumiza wafanyakazi. Yellowstone hukusanya makopo ya wageni wanaoondoka, na wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Montana State walibuni mashine inayotoa gesi na pilipili ili chuma kiweze kutumika tena. Hotelini pia lisiachwe kwenye droo kwa ajili ya mgeni ajaye: hatajua limekaa juani muda gani wala limepulizwa mara ngapi, na huenda watoto wakawa wa kwanza kulipata.